Kutwa Mara Tatu

Sanduku la dawa lilifika zahanati mara moja kwa mwezi, likiwa limefungwa, na kijiji kizima kilijua limefika kabla Mganga hajalifungua. Gari la wilaya likishapita barabara ya vumbi upande wetu wa Ifunda, Iringa, kina mama walianza kuulizana kisimani: safari hii dawa ya macho ipo? Ya upele je? Penisilini itafika mwisho wa mwezi? Ndani yake mlikuwa na klorokwini ya vidonge na ya maji, asipirini, penisilini ya sindano, dawa ya kupaka wenye upele, mafuta ya macho, vidonge vya kuongeza damu na pakiti za chumvi na sukari kwa watoto wanaoharisha. Vilikuwapo na vingine vichache, lakini orodha yote mtu angeweza kuimaliza akiwa amesimama dirishani anasubiri zamu yake.

Yalikuwa masanduku ya Mpango wa Dawa Muhimu, ulioanza miaka ya 1983 na 1984 kwa msaada wa Denmark na UNICEF. Nchi ilikuwa imetoka vitani Uganda, fedha za kigeni hakuna, na zahanati zilizojengwa kwa wingi baada ya Azimio la Arusha zilikuwa na mganga, kitanda na mizani lakini makabati matupu. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu mwaka 1977, na hoja yake ilikuwa nyepesi: dawa chache zilizochaguliwa vizuri zinatosha kutibu maradhi mengi ya watu wengi. Tanzania ikaichukua hoja hiyo, ikaitia kwenye maboksi, ikaifikisha hadi Makete na Ileje.

Kasoro yake ilionekana mapema huku Nyanda za Juu Kusini. Sanduku la zahanati ya Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, kwenye joto na mbu, lilikuwa sawasawa na sanduku la zahanati ya Mufindi, ambako Juni na Julai watu huamka wakakuta umande umeganda majanini. Sisi wa baridi, klorokwini ilibaki. Penisilini ndiyo iliyowahi kuisha, kwa sababu ya vichomi vya watoto, na wiki ya mwisho ya mwezi ilikuwa wiki ya kuomba Mungu.

Pamoja na hayo, uchache ule ulimlazimisha Mganga kumtazama mgonjwa. Alijua penisilini aliyonayo ni ya kuhesabu, kwa hiyo hakuitoa mpaka ajiridhishe. Wetu alikuwa mtu wa makamo, mwenye cheo ambacho siku hizi hakipo tena, mganga msaidizi wa vijijini, na sisi tulimwita Mganga tu, hata wazee waliomzidi umri. Mama aliingia na mtoto mgongoni. “Kamwene, Mganga.” “Kamwene, mama. Mtue mtoto, umvue shati.” Mtoto alilazwa mapajani, kifua wazi. Mganga alivua saa yake ya mkononi, akaishika karibu na tumbo la mtoto ili macho yake yaone vyote viwili kwa pamoja, akaanza kuhesabu kila lilipoinuka. Chumba kilinyamaza. Mtu akiongea dirishani, aliinua mkono bila kugeuka. Dakika ikitimia aliandika namba kwenye daftari, daftari la shule ambalo kila mgonjwa alikuja nalo kutoka nyumbani, ndipo akaamua. Mtoto aliyetimiza miezi miwili lakini hajatimiza mwaka akipumua mara hamsini au zaidi kwa dakika, au wa mwaka mmoja hadi mitano akifikisha arobaini, huyo ana kichomi na sindano inatoka. Chini ya hapo, ikiwa hana dalili nyingine ya hatari, ni mafua.

“Huyu hana kichomi, mama. Mnyonyeshe, mpe maji ya vuguvugu, mfunike vizuri usiku. Kesho kutwa mrudishe nimwone. Akianza kupumua kwa shida, usingoje kesho kutwa.”

Mama aliondoka bila dawa, na kesho kutwa alirudi. Hilo la kurudi ndilo lililoifanya tiba ile iwezekane, maana Mganga hakuwa akiagana na mgonjwa, alikuwa akimpa siku ya kuonana tena.

Dawa zilipotolewa, zilifungwa kwenye kipande cha gazeti kilichokunjwa pembe tatu. Maelezo yalikuwa yaleyale ambayo hadi leo kila Mtanzania anayajua kwa moyo: moja kutwa mara tatu, mbili kutwa mara mbili. Kwa bibi asiyejua kusoma, Mganga alichora jua likichomoza, jua la utosini na jua likizama, kisha chini ya kila jua akachora duara za vidonge. Halafu akamwambia bibi arudie. Bibi akikosea, alielezwa upya, na foleni ilisubiri.

Mkoa wetu ulikuwa na jambo lingine lililowafundisha watu kwamba tiba si lazima itoke kwenye chupa. Mwaka 1983 ulianza Mpango wa Lishe wa Iringa, wa Serikali, UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia, katika vijiji 168. Siku ya afya ya kijiji watoto walipimwa uzito na kadi zao zikajazwa: kijani, kijivu, nyekundu. Mtoto aliyeangukia nyekundu hakuishia kwa Mganga. Kamati ya kijiji iliuliza: mama yake anarudi shamba saa ngapi? Anamlisha mara ngapi kwa siku? Nani anabaki naye? Mganga akimwandikia mtoto uji wa ziada, watu walimwelewa.

Sizungumzi ili kuupamba wakati ule, maana niliona pia mabaya yake. Homa yoyote ilihesabiwa malaria. Zahanati haikuwa na hadubini, hivyo mtu mwenye homa alipewa klorokwini, nne leo, nne kesho, mbili kesho kutwa, hata kwenye vilima vya Njombe ambako mbu wa malaria ni wa nadra. Watu walijikuna usiku kucha kwa dawa ambayo pengine hawakuihitaji. Na sindano ilikuwa na heshima kuliko kidonge. Mganga asiyechoma alionekana hajui kazi, na wapo waliotembea hadi kijiji cha pili kumtafuta anayechoma. Bomba zilikuwa za kioo, zikichemshwa kwenye sufuria, na kuni zikipungua, kuchemsha nako kulipungua. Baadaye UKIMWI ulipotanda kandokando ya barabara kuu, Makambako, Mbalizi, Tunduma, hofu ikafanya kilichoyashinda maonyo ya wataalamu: watu wakaanza kuja na sindano zao mfukoni, na wengine wakaanza kuuliza kama hakuna vidonge.

Kisha mambo yakabadilika kwa mfululizo. Sheria ya mwaka 1977 ilikuwa imepiga marufuku hospitali binafsi za biashara. Mwaka 1991 zikaruhusiwa tena. Mwaka 1993 ukaja uchangiaji wa huduma, na mwaka huohuo ikatungwa sheria ya Bohari ya Dawa. Masanduku yakaondoka taratibu, na zahanati zikaanza kuagiza dawa kwa mahitaji yake. Hilo lilikuwa jambo la haki kabisa, maana Kyela na Mufindi hatimaye zingeacha kupokea kitu kilekile. Ila neno jipya nalo likaingia dirishani, neno ambalo halijatoka hadi leo: dawa hakuna, kanunue nje.

Nje palikuwa tayari. Mwanjelwa kule Mbeya, Miyomboni pale Iringa, maduka ya dawa yakafunguliwa mengi. Palipouzwa sabuni pakauzwa na kapsuli za rangi mbili, vidonge viwili, vitatu, kadiri ya pesa ya mtu. Septrini ya kuhara, flajili ya tumbo, ampiklosi ya kila kidonda. Serikali iliposhtuka ikaanzisha maduka ya dawa muhimu, yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003, muuzaji akafundishwa na duka likakaguliwa. Ilisaidia, na nasema hivyo kwa kuwa nayaona maduka hayo kila siku. Lakini mazoea ya kununua dozi nusu yalishaota mizizi.

Malaria nayo ilibadilishiwa dawa mara mbili kwa kipindi kifupi. Klorokwini ilikuwa imeshindwa, ikaondolewa mwaka 2001 na nafasi yake ikachukuliwa na SP, vidonge vitatu kwa mkupuo mmoja. Mwishoni mwa mwaka 2006 ikaja dawa ya mseto, vidonge 24 kwa siku tatu kwa mtu mzima. Halafu kikaja kipimo cha haraka, kile kipande cha plastiki kinachodondoshewa tone la damu na baada ya dakika chache kinatoa mstari mmoja au miwili. Kwa mara ya kwanza zahanati ya kijijini iliweza kusema: huyu ana malaria, huyu hana. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likasisitiza kwamba mtu asipewe dawa ya malaria kabla ya kupimwa.

Hapa ndipo, kwa maoni yangu, tulipopotea njia, na tulipotea tukiwa kwenye hatua nzuri. Kipimo kilimwambia mganga ugonjwa usiokuwapo. Hakikumwambia uliopo. Mama ameketi mbele yake, mtoto anachemka, mstari ni mmoja, malaria hakuna. Mganga huyo alifundishwa kwamba homa ina jibu, na jibu lake amenyang'anywa. Akageukia kabati, akachukua antibayotiki. Watafiti walioandika mwaka 2011 kuhusu vituo vya Dar es Salaam walilikuta jambo hilo: baada ya vipimo vya haraka kuanza kutumika, dawa za malaria zilishuka sana, lakini wagonjwa walioandikiwa antibayotiki walipanda kutoka karibu nusu hadi karibu robo tatu. Kwa maneno mengine, klorokwini ya kila homa haikufa. Ilibadilisha jina.

Utafiti mwingine, wa watoto 1,005 wenye homa huko Dar es Salaam na Ifakara, uliotoka mwaka 2014, ulichunguza kwa vipimo vya kina nini hasa kilichowapa homa. Zaidi ya nusu walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, na wengi kwa jumla walikuwa na virusi, ambavyo antibayotiki haiviwezi. Malaria ilikuwa kama mtoto mmoja kati ya kumi. Maambukizi ya njia ya mkojo na homa ya matumbo, vyote viwili, vilikuwa vya wachache. Nayataja haya mawili ya mwisho kwa sababu ndiyo magonjwa ninayosikia kila kukicha. Panda daladala ya Mbeya kutoka Uyole hadi Sido, usikilize watu wakisimulia walivyotibiwa: huyu ana UTI, yule UTI sugu, mwingine taifodi, mwingine UTI na taifodi kidogo. Kipimo cha taifodi kinachotumiwa sehemu nyingi, Widal, kikifanywa mara moja tu hakiwezi kutofautisha ugonjwa wa leo na kinga iliyobaki mwilini kutokana na maambukizi ya zamani. Mtu anaweza kutibiwa kwa kovu.

Nilimsindikiza binti wa dada yangu na mtoto wake kwenye kituo kimoja binafsi jijini Mbeya. Mtoto alikuwa na mafua, kikohozi na homa ya usiku mmoja. Daktari alikuwa kijana, mpole, na foleni nyuma yetu ilifika getini. Aliuliza tatizo huku akiandika kwenye kompyuta, tukatumwa maabara, tukarudi na majibu ya UTI na taifodi kidogo, tukapewa sindano za siku tano, dawa ya maji na vidonge vya kuponda. Shati la mtoto halikuvuliwa. Hakuna aliyehesabu pumzi zake. Binti alipouliza ni lini arudi amwone, alijibiwa arudi dawa zikiisha kama hajapona. Alilipa pesa nyingi kwa kipato chake cha kuuza ndizi, na alitoka ameridhika, kwa kuwa mkoba ulikuwa mzito. Ninamwelewa. Ni mjukuu wa wale waliomkimbia Mganga asiyechoma.

Simlaumu kijana yule peke yake. Mapato ya kituo yanatokana na vipimo na dawa, mgonjwa anataka kuona alicholipia, bima ina fomu zake, na dakika za kumtazama mtoto hazina mahali pa kuandikwa kwenye risiti.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba jibu limeshapatikana, na limepatikana hapahapa. Kati ya Desemba 2021 na Oktoba 2022, katika vituo 40 vya afya ya msingi vya mikoa ya Mbeya na Morogoro, watafiti wa taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, NIMR, tawi la Mbeya, na Taasisi ya Afya Ifakara, pamoja na wenzao wa Uswisi, waliwapa waganga wa nusu ya vituo vishikwambi vyenye programu iitwayo ePOCT+. Programu inamwongoza mganga swali kwa swali: mtoto anakohoa tangu lini, anapumua mara ngapi kwa dakika, kifua kinabonyea, ananyonya? Walipewa pia kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni, na kipimo cha tone la damu kinachosaidia kutambua maambukizi makali ya bakteria. Vituo vingine viliendelea kama kawaida. Walifuatilia ziara 44,306 za watoto. Kwenye vituo vya kawaida, watoto 70 kati ya kila 100 waliandikiwa antibayotiki. Kwenye vituo vyenye programu walikuwa 23. Na siku ya saba, watoto ambao hali yao ilikuwa haijatengemaa walikuwa chini kidogo ya 4 kati ya 100 pande zote mbili. Matokeo yalichapishwa kwenye jarida la Nature Medicine.

Niliposoma namba zile nilimwona Mganga wetu na saa yake. Kishikwambi kinauliza yaleyale aliyoyauliza yeye, kwa utaratibu uleule, na kinamkataza mwenye haraka kuruka swali. Oksijeni hakuwa na cha kuipimia, na kipimo cha damu kingempunguzia makosa mengi, kwa hiyo sisemi alikuwa bora kuliko mashine. Nasema alichokifanya kwa sababu ya uhaba, sisi tulipaswa kukifanya kwa sababu ya elimu, dawa zilipokuwa nyingi. Badala yake wingi wa dawa ukachukua nafasi ya kumtazama mtu.

Kuna mahali ambapo kazi ile haikufa. Mwishoni mwa mwaka 2004 dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilianza kutolewa nchini, na mikoa ya Mbeya na Iringa ilikuwa na mzigo mkubwa mno. Upimaji wa kitaifa wa 2003 na 2004 ulikuta zaidi ya watu wazima 13 kati ya 100 wana maambukizi katika kila mmoja wa mikoa hiyo. Ingia CTC yoyote, kliniki ya wanaotumia dawa hizo, uone. Mhudumu anahesabu vidonge vilivyobaki kwenye kopo, anauliza kwa nini vimezidi, anasikiliza kwamba mama alisafiri kwenda msibani, anaandika tarehe ya kurudi, na asiporudi anatafutwa. Mgonjwa anajua jina la dawa yake na anajua kwa nini hairukwi. Waganga ni walewale wa Tanzania, wagonjwa ni walewale, na majengo mara nyingi ni yaleyale, mlango wa pili tu kutoka kwa wanaotibiwa kikohozi. Tofauti ni kwamba muda wa kuongea na mgonjwa ulipangwa, ukalipiwa na ukahesabiwa kuwa tiba.

Usugu wa vimelea dhidi ya dawa, UVIDA kama wataalamu wetu wanavyouita, si hadithi ya mbali. Mwaka 2019 maambukizi ya bakteria wasiosikia dawa yaliua moja kwa moja watu wapatao milioni 1.27 duniani, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyoumia kuliko kanda nyingine yoyote. Tanzania ilitoa mpango wake wa kwanza wa taifa mwaka 2017. Mpango ni mzuri, umeandikwa vizuri, na naamini waliouandika wanajua wanachokisema. Lakini dawa haiandikwi na mpango. Inaandikwa na mtu mmoja aliyechoka, saa saba mchana, akiwa na mama mmoja aliyetoka mbali na watu wengine thelathini wamekaa kwenye benchi.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa halmashauri zetu, za Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe. Kilichofanyika kwenye vituo vile kisibaki cha mradi. Vishikwambi na vipimo viingizwe kwenye bajeti za zahanati kama zinavyoingizwa dawa zenyewe, na waganga waongezwe ili mmoja asione watu asioweza kuwatazama. Na kwako mzazi utakayempeleka mtoto mwenye kikohozi kesho asubuhi: mvue shati mwenyewe kabla hujaulizwa, mwombe daktari ahesabu pumzi, na uulize ni siku gani umrudishe. Akikuambia mtoto hahitaji dawa, na amemwangalia, mshukuru, nenda nyumbani, na siku hiyo ikifika, mrudishe.